Bastola ya risasi ndogo: Nafuu ya shabaha na mipaka yake

Mkazi wa Konde, kaskazini mwa Pemba, anayetaka kujifunza shabaha kwa gharama nafuu, aghalabu hushauriwa bastola ya inchi 0.22, yaani milimita 5.6. Ushauri huo una msingi. Kichwa cha risasi yake kina gramu 2.6 hivi, takriban theluthi ya kile cha milimita 9. Baruti ni haba, bei ni ndogo, na mkono haurushwi juu, hivyo mwanafunzi hazoei kufumba macho kabla ya kufyatua. Olimpiki yenyewe huitumia katika shabaha ya mita 25.

Baadhi ya risasi hizo hugoma kulipuka, lakini hilo ni dogo. Zito ni kwamba huweza kuruka zaidi ya kilometa moja, na Konde ina soko, mashamba ya mikarafuu na watoto waendao shule. Pasipo tuta nene la udongo, haifai kabisa. Tena ina mlio, na Pemba haijasahau Januari 27, 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji.

Bastola ya upepo ya milimita 4.5, iliyoingia Olimpiki mwaka 1988, yatosheka na mita 10 na ukuta imara. Kabla ya kununua yoyote, polisi waulizwe kuhusu kibali.