Chakula kipya cha tilapia: mtajuaje kama kinafaa?

Koperative kadhaa za Butembo na Beni zinatuuliza swali moja: kabla ya kutoa makuta ya wote kununua chakula cha samaki, tutajuaje kama kinakuza tilapia kuliko pumba na mavi ya nguruwe? Swali ni zuri, juu makuta ya kasha yakishatoka hayarudi. Jibu ni kufanya jaribio, lakini jaribio lenye kupangwa.

Tuseme mtu ana kiziwa Butembo, anatoa pumba. Ndugu yake ana kiziwa Beni, anatoa chakula cha kununua. Kiisha miezi 6 samaki wa Beni ni wakubwa, na wote wanasema chakula kimeshinda. Hapana. Butembo iko karibu mita 1,750 juu ya bahari, Beni iko chini zaidi. Maji ya Butembo ni baridi, na tilapia anapenda joto, kati ya digri 25 na 30. Pengine ni joto ndilo lililoshinda. Mambo mawili yamebadilika kwa mara moja, basi hakuna wa kujua.

Badilisheni jambo moja tu. Chukueni viziwa 6 vya bonde moja, vyenye kupata maji ya mto mmoja: 3 vipate chakula kipya, 3 pumba. Kwa nini si kimoja kimoja? Juu kiziwa kimoja kinaweza kuvuja, ao ndege wenye kula samaki wakakizoea, na hiyo haihusu chakula hata kidogo. Vichaguliwe kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia. Mkiacha prezida achague mwenyewe, chakula kipya kitaenda kwenye kiziwa chake kizuri (mnacheka, lakini mnajua). Watoto wa samaki watoke mahali pamoja, wawekwe siku moja, kwa hesabu moja kwa kila mita ya mraba.

Siku ya kupima, msipime wale wanaokuja mbio mukitupa chakula. Hao ndio wenye nguvu. Vuteni wavu, chukueni 30 bila kuchagua, muandike uzito wa kila mmoja, hata wadogo. Waliokufa pia waandikwe. Kiisha hesabuni franka ngapi zimetoka kwa kila kilo ya samaki.

Ziwani mambo ni magumu zaidi. Wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi wanasema samaki wa Ziwa Edouard wamepungua. Kuangalia soko hakutoshi: pirogi zikiongezeka, soko linaweza kujaa wakati ziwa linakwisha. Pimeni kilo kwa pirogi moja, kwa usiku mmoja, kwa nyavu za jicho sawa.

Halafu kuna viboko. Miaka ya 1970 Virunga ilikuwa nao karibu 29,000. Mwaka 2005 walibaki chini ya 1,000. Wengi wanasema mavi ya kiboko yalikuwa mbolea ya ziwa, basi samaki walipungua juu viboko waliuawa. Inawezekana. Lakini miaka ile ile kulikuwa vita, na uvuvi haramu nao ulizidi. Na hatuna Ziwa Edouard la pili lisilopata vita, la kulinganisha nalo. Hapo inabaki kupima mahali pengi, miaka mingi, kwa njia ile ile.

Kwa viziwa vyenu hamuhitaji kungoja hivyo. Daftari, mizani na kamba ya kupimia vinatosha. Mwiteni agronome wenu aone mpango kabla ya kununua chakula, si kiisha.