Kenya: Mume Akifilisika, Je, Mke Anyimwe Mkopo?

Askari wa nchi yoyote ni mtu apendwaye na wakopeshaji. Mshahara wake ni wa uhakika, tarehe yake yajulikana, na mwajiri wake hahami usiku. Kwa sababu hiyo deni ni jambo la kawaida katika makambi na katika laini za polisi, na pale deni linapomlemea mmoja wa wanandoa, swali la kwanza nyumbani huwa ni moja: je, na mwenzake amekwisha kuharibikiwa? Katika mazungumzo yetu ya leo tutalitazama swali hilo kama lilivyo katika nchi jirani ya Kenya, ambako sheria zinazohusika zimeandikwa upya katika miaka ya karibuni.

Mwaka 2015 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Ufilisi iliyochukua nafasi ya ile ya zamani iliyoanzia wakati wa ukoloni. Kwa mujibu wa sheria hiyo, Mahakama Kuu yaweza kumtangaza mtu kuwa muflisi, ama kwa ombi la wanaomdai ama kwa ombi lake mwenyewe. Mali yake huwekwa chini ya msimamizi, ambaye huiuza na kuwagawia wadai. Muflisi huachiwa vitu vya lazima, kama vile zana za kazi yake, vyombo vya nyumbani na mavazi. Katika muda huo hawezi kugombea ubunge, na akitaka kukopa hana budi kumweleza mkopeshaji hali yake.

Sasa yafaa ieleweke kwamba tangazo hilo la mahakama humhusu mtu mmoja tu. Mke wa muflisi si muflisi. Mume wa muflisi si muflisi. Kenya ina ofisi za kumbukumbu za wakopaji, ambazo wananchi wenyewe huziita CRB, na benki huziuliza kabla ya kutoa fedha. Kumbukumbu hizo huwekwa kwa jina na namba ya kitambulisho cha kila mtu peke yake. Cheti cha ndoa hakiunganishi majalada mawili. Kwa hiyo mwuguzi aliyeolewa na sajenti aliyefilisika, ikiwa yeye mwenyewe hakupata kukosa kulipa deni lake, huingia benki akiwa na jalada safi.

Lakini mambo hayaishii hapo, na hapa ndipo watu wengi wanapopotoka. Ndoa haimfungi mtu katika deni la mwenzake. Sahihi yake ndiyo imfungayo. Tuseme sajenti huyo na mkewe walikopa pamoja shilingi 600,000 za kununua gari la biashara, wakatia sahihi wote wawili. Mke hudhani kwamba sehemu yake ni shilingi 300,000. Sivyo. Katika mikataba ya namna hiyo benki huandika kwamba kila mmoja anadaiwa pamoja na mwenzake na pia peke yake, maana yake ni kwamba benki yaweza kumdai mmoja wao deni zima. Mume akisha tangazwa muflisi, wadai wake wa kawaida huzuiwa kumwandama yeye binafsi, nao hugeuka mara moja kumtazama aliyebaki. Hali ni hiyo hiyo kwa mke aliyejaza fomu ya udhamini katika chama cha akiba na mikopo, kwa moyo mwema tu, ili ombi la mumewe lipite upesi.

Tena liko jambo lingine linaloonekana kama dhihaka. Kwa kawaida muflisi wa Kenya huachiliwa baada ya miaka 3 tangu awasilishe taarifa ya mali na madeni yake, asipopingwa mahakamani. Madeni yake yaliyohusika hufutika. Hata hivyo kuachiliwa kwake hakumwachilii mdhamini wala aliyekopa pamoja naye. Basi yawezekana, katika nyumba moja, yule aliyelitaka deni akatembea huru, na yule aliyemsaidia akaendelea kukatwa mshahara. Akichelewa kulipa, jina lake huingia CRB kwa kosa lake yeye, na taarifa hiyo mbaya hukaa miaka 5 baada ya deni kulipwa. Hapo ndipo mlango wa mkopo unapomfungia kweli, na si kwa sababu ya ndoa.

Kuhusu nyumba, sheria ya Kenya ni kali kidogo, na kwa maoni yetu ukali huo una haki. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 zakataza nyumba ya wanandoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Rehani isiyo na ridhaa hiyo haina nguvu. Ila wako wanaotia sahihi karatasi ya ridhaa kama watu wanaotia sahihi ya kupokea sare ghalani, bila kusoma. Aliyeridhia tu hageuki kuwa mdaiwa wa benki. Lakini nyumba ikiuzwa kwa deni hilo, yeye naye atahama. Yafaa pia aangalie kama karatasi aliyopewa ni ya ridhaa peke yake au imechanganywa na udhamini.

Nyumba isiyo na rehani nayo haikosi mashaka. Msimamizi huchukua haki ya muflisi, wala si haki ya mwenziwe. Ikiwa nyumba imeandikwa kwa majina ya wote wawili, hukisiwa kwamba haki zao ni sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa imeandikwa kwa jina la mmoja, mwenzi aliyechangia aweza kudai sehemu yake, na mchango hauhesabiwi kwa fedha tu, bali hata kwa kulea watoto na kulima shamba. Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza mwezi Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kila upande hauna budi kuonyesha mchango wake. Anayehifadhi stakabadhi za saruji na mabati ana cha kuonyesha. Kuhamisha shamba haraka haraka kwenye jina la mke siku chache kabla ya kufilisika hakusaidii kitu, kwa kuwa msimamizi ana uwezo wa kuiomba mahakama itengue zawadi ya namna hiyo.

Wako watakaouliza juu ya deni ambalo mwenzi hakulitilia sahihi kabisa. Kifungu cha 10 cha sheria ile ya mwaka 2013 chasema kwamba wanandoa watashiriki sawasawa dhima iliyoingiwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa. Karo ya shule yaweza kuwa manufaa ya ndoa. Deni la kamari ni vigumu kulitetea hivyo.

Basi mwuguzi wetu akienda kukopa, benki itatazama jalada lake, kisha itauliza nyumba yake ina watu wangapi wanaoutegemea mshahara wake. Mshahara uliokuwa mmoja kati ya miwili sasa unalisha watu wote, na ofisa wa mikopo aweza kumpa kiasi kidogo kuliko alichoomba bila ya kuvunja sheria yoyote. Kanuni za Kenya zampa kila mtu haki ya kupata nakala ya taarifa yake ya CRB mara moja kwa mwaka bila malipo. Akiichukua kabla ya kwenda benki, ataona kama liko deni la pamoja alilolisahau.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke, na nyumba ya wanandoa nayo haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Fomu zinazoletwa makambini na vituoni, basi, huuliza sahihi ile ile inayoulizwa Nakuru na Mombasa.