Alama za wachimbaji wa kale zaeleza mwanzo wa Kipindi cha Kambri

Miamba ya pwani ya Fortune Head, kisiwani Newfoundland nchini Kanada, imehifadhi vijia vilivyochimbwa katika sakafu ya bahari takriban miaka milioni 538 iliyopita. Aliyevichimba hajulikani kwa hakika, ingawa wataalamu wanadhani alifanana na mnyoo.

Mwaka 1992, wanajiolojia wa kimataifa waliidhinisha visukuku hivyo, viitwavyo Treptichnus pedum, kuwa kipimo cha mwanzo wa Kipindi cha Kambri. Wanyama wengi wa wakati huo walikuwa na miili laini iliyooza bila kuacha mabaki. Kijia, kwa upande wake, hubaki palepale kilipochimbwa, na huonyesha jinsi mnyama alivyotembea na kutafuta chakula.

Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya sakafu ya bahari ilifunikwa na utando wa bakteria, na viumbe vingi viliishi juu yake. Wachimbaji walipopenya chini, waliutoboa utando huo, wakayavuruga matope na kuingiza maji yenye oksijeni. Tabaka lililokuwa halikaliki likawa makazi mapya. Hata hivyo, viumbe vilivyotegemea utando vilipoteza makao, na baadhi ya wanasayansi wanaliona jambo hilo kuwa miongoni mwa sababu za kutoweka kwao.

Fortune Head sasa ni hifadhi, na kuchukua visukuku ni marufuku. Jiwe likiondolewa katika tabaka lake, hupoteza ushahidi wa kilichotangulia na kilichofuata.