'Net' ya gunia si neti ya mbu

Majuzi nilikuwa katika soko la Zombe, mashariki ya Kitui, msimu wa ndengu. Mama mmoja alipimiwa gunia lake kwenye mizani ya kuning'iniza, mshale ukasimama kwenye kilo 50. Mnunuzi akaandika 49. "Hiyo ndiyo net, mama." Mama akanigeukia: "Mwalimu, hii neti ni ya nini na hapa hakuna mbu?"

Alikuwa akitania, ila swali lenyewe ni zito. Kiingereza kina maneno mawili yanayofanana kimatamshi na kimaandishi. 'Net' ya mbu, ya samaki na ya goli ni nomino kongwe ya ukoo mmoja na Kijerumani, na ndiyo tuliyoitohoa tukapata neti. 'Net' iliyo kwenye pakiti ya unga na kwenye hati ya mshahara ni kivumishi. Kilitoka Kifaransa, maana yake safi, na Kifaransa nacho kilikirithi kutoka Kilatini 'nitidus', yaani -enye kung'aa. Mwenzake 'gross' anatokana na 'grossus', nene. Basi uzito 'gross' ni wa bidhaa ikiwa na vazi lake, na 'net' ni wa bidhaa iliyovuliwa.

Waarabu huuita uzito huo 'safi', neno lile lile tulilolikopa kwao. Sisi tukachagua 'halisi', ambalo pia ni lao: kisichochanganyika na kingine. Sina ugomvi nalo, ingawa 'uzito safi' ungemfikia yule mama haraka zaidi.

Na uzito wa chombo, je? Waingereza huuita 'tare', neno lililopitia Italia likitoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutupa. Hapa ndipo penye dhuluma. Kinachotupwa ni chombo peke yake, na chombo hupimwa, hakikisiwi. Kukata kilo nzima kulikuwa na mantiki enzi za gunia zito la katani. Siku hizi gunia ni la nailoni, jepesi kama shuka.

Nikamwomba mnunuzi, kwa upole, amimine ndengu kwenye turubai kisha atundike gunia tupu. Akanung'unika, lakini akafanya. Mshale haukufika robo kilo.

"Andika upya, mwanangu," mama akamwambia.