Toni Tusiyoiandika

Kigiriki na Kiburma havina undugu, lakini nikivilinganisha naona somo kwetu sisi wa Goma. Kigiriki hutia alama penye mkazo: nómos ni sheria, nomós ni mkoa. Kiburma ni lugha ya toni, na maandishi yake huionyesha. Kiswahili hakina toni. Mkazo wake karibu daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo hakihitaji alama. Lingala inaihitaji: moto ni mtu, motó ni kichwa, ila kwa kawaida tunaandika yote mawili sawasawa. Kinande na Kihunde pia vina toni. Basi tunapokusanya methali za wazee kwa kazi zetu za kumaliza masomo, tuandike na toni; msomaji wa kesho huenda asiwe na mzee wa kumwuliza.