Acheni Kumuuliza Mama Alilala na Nani

Swali lenyewe huja kwa kunong'ona. Anayeuliza ni bibi, au wifi, na mara nyingine ni baba mtu, kaiacha meza yake ya mitumba pale soko la Karume kwa nusu saa: "Dokta, huyu mtoto si amebemendwa huyu?" Mama wa mtoto anakuwa amekaa pembeni, kimya, macho sakafuni. Yeye hajaulizwa lolote. Nimelijibu swali hili kwa upole miaka mingi katika kliniki za Ilala, na kwa kuwa upole haujasaidia, leo nalijibu kwa maandishi. Hapana. Hakuna mtoto aliyewahi kubemendwa, si Mchikichini wala kwingineko.

Imani yenyewe kila mtu anaijua. Wazazi wakikutana kimwili kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao akichepuka kisha akambeba mtoto, basi mtoto huharisha, hukonda, hulegea miguu, huchelewa kutembea. Wengine husema ni maziwa yameharibika, wengine ni jasho, wengine ni joto la mwili. Mkosaji hutafutwa ndani ya chumba, na mara nyingi sana hupatikana ni mama.

Tuanze na maziwa. Maziwa hutengenezwa na tezi zilizo ndani ya titi, kutokana na vilivyomo katika damu ya mama. Homoni ya prolaktini ndiyo inayoamuru yatengenezwe, na oksitosini ndiyo inayoyasukuma mtoto anaponyonya. Mbegu za kiume hazina njia yoyote ya kutoka kwenye uke hadi kwenye titi. Jasho la baba haliingii kwenye maziwa. Kumpakata mtoto baada ya tendo la ndoa hakumlegezi miguu, awe baba ameoga au hajaoga.

Kama mwili haukutoshi kukushawishi, fikiria pacha. Wamo kitanda kimoja, titi la mama yuleyule, baba yuleyule. Mmoja ananawiri, mwenzake uzito umekwama, na mtaa mzima unasema huyu wa pili kabemendwa. Alibemendwaje peke yake? Sijapata kuona anayelijibu swali hilo bila kubadilisha mazungumzo.

Najua kwa nini imani hii haifi. Haifi kwa sababu tarehe zinaonekana kuitetea. Mzazi wa kwanza huenda kujifungulia au kulelewa kwa mama yake, akakandwa, akapikiwa mtori na uji wa pilipili manga, akatolewa arobaini. Anarudi kwa mumewe mtoto ana miezi minne, mitano, sita. Mwezi mmoja baadaye mtoto anaanza kukonda, na majirani wanahesabu vidole: karudi kwa mume, mtoto kaharibika. Lakini angalia mengine yaliyobadilika mwezi huohuo. Mtoto ameanza kupewa maji na uji, na maji ya ndoo katika nyumba ya kupanga yenye choo kimoja kwa wapangaji wote huleta kuhara. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama imeanza kupungua. Uji ni mweupe, mwepesi, hauna mafuta wala karanga. Na mama amerudi kwenye biashara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku 3. Mama lishe wa Kariakoo hana mwajiri wa kumwomba hata siku moja. Anaondoka alfajiri, mtoto anabaki na dada wa miaka kumi, chupa ikizunguka naye jua zima. Hayo yote hayana nafasi kwenye maelezo ya bibi, kwa sababu hayana mtu wa kulaumiwa.

Wazee hawakuwa wajinga, nalisema hili kwa heshima. Walipokataza wazazi kukutana, walichozuia hasa ni mimba ya haraka, na mimba ya haraka kweli humdhoofisha mama na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mama angoje angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Ila kazi hiyo leo inafanywa na kijiti, kitanzi, kondomu na vidonge vya mama anayenyonyesha.

Columba Mbekenga, mkunga na mtafiti wa Muhimbili wakati huo, alikaa na wenzake wakasikiliza makundi ya wazazi wa mara ya kwanza hapa hapa Ilala, pamoja na ndugu wanaowasaidia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Wengi walisema kujizuia baada ya uzazi ni kwa ajili ya afya ya mtoto, lakini anayebanwa na kuchungwa zaidi ni mwanamke. Fuata hesabu hiyo hadi mwisho wake. Mke anazuiwa mwaka, miaka miwili. Mume anavumiliwa akitoka nje. Akirudi na virusi vya UKIMWI akamwambukiza mke anayenyonyesha, maambukizi hayo mapya huwa na virusi vingi sana mwilini, na hatari ya kumfikia mtoto kupitia ziwa hupanda. Imani iliyowekwa kumlinda mtoto inaweza kumletea ugonjwa wa kweli.

Madhara mengine nayaona kila juma. Mtoto wa miezi mitatu ananyweshwa maji ya mizizi, wakati hadi miezi sita hahitaji kitu kingine zaidi ya maziwa ya mama. Mtoto mwenye selimundu, au kifua kikuu, au tundu kwenye moyo, au mtindio wa ubongo, anaogeshwa dawa miezi mizima huku ugonjwa wake ukiendelea. Hakuna dawa ya kubemendwa. Anayekuuzia anakuuzia maji, na anakula muda ambao mtoto hana. Na mama, akijua mizani ya kliniki itasomwa kama ushahidi dhidi yake, anaacha kuja kliniki. Wapo hata wenzangu wa afya wanaomtupia jicho mama wa aina hiyo na kuguna. Hao nawaambia waziwazi kwamba wanafukuza watoto kutoka kwenye chanjo.

Sasa nifike ninakotaka tufike. Yule mama aliyekaa pembeni, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, ndiye niliyetaka tumzungumzie tangu mwanzo. Kwa nini hasemi? Kwa nini khanga ni ileile ya juzi? Kwa nini anamnyonyesha mtoto huku anatazama ukuta? Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 kati ya 100, na karibu wanawake 20 kati ya 100 waliojifungua, wana tatizo la afya ya akili, na kubwa ni sonona. Dar es Salaam si salama kuliko kwingine. Mwaka 2010 Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya wajawazito 787 wa jiji hili, na takriban 4 kati ya kila 10 walikuwa na dalili za sonona kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Kilichofungamana nazo kwa karibu ni maisha yao na wenzi wao. Mwanamke anayelala akijua kesho atashutumiwa kwamba kamuua mtoto kwa uzinzi anaongezewa mzigo uleule.

Na sonona ya mama inahusiana na ukuaji wa mtoto. Mwaka 2011 Pamela Surkan na wenzake walikusanya tafiti kutoka nchi zinazoendelea wakaona kwamba watoto wa akina mama wenye dalili za sonona wana uwezekano mkubwa zaidi, takriban mara moja na nusu, wa kuwa na uzito pungufu au kudumaa. Njia zake hazina uchawi. Mama aliyechoka moyo huacha kunyonyesha mapema, husahau tarehe ya chanjo, huchelewa kuona kwamba mtoto anaharisha, hana nguvu ya kumbembeleza amalize uji.

Tafadhali, msiligeuze hili kuwa shtaka jipya. Mama mwenye sonona hajamdhuru mtoto kwa makusudi, kama vile mama mwenye malaria hajataka kutetemeka. Tena kumtibu yeye peke yake hakutoshi. Kule Rawalpindi, Pakistan, Atif Rahman alifunza wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa kawaida wasio na shahada, wakawatembelea nyumbani akina mama wenye sonona. Matokeo ya mwaka 2008: miezi 6 baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa 23 kwa 100, wakati wasiopata huduma hiyo walikuwa 53. Watoto wao waliharisha kidogo, walichanjwa zaidi. Lakini urefu wao haukutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Matokeo hayo nayapenda kwa ukweli wake: moyo wa mama unatibika na mhudumu wa mtaa, na mtoto bado anahitaji chakula. Nchini Tanzania, watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kwa utafiti wa mwaka 2022, na hakuna ushauri nasaha unaoweza kuchukua nafasi ya yai.

Mabinti ndio wananitia hofu zaidi. Utafiti huohuo wa mwaka 2022 ulikuta 22 kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata ujauzito. Binti wa Msimbazi Bondeni aliyezaa akiwa na miaka 17 hukuta amefukuzwa na baba, amekataliwa na kijana, na bado anaambiwa kambemenda mtoto. Tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu kurudi shule. Mwambieni hivyo, mara nyingi, maana wengi hawajaambiwa.

La kufanya ni hili. Mtoto kwanza: mpelekeni apimwe uzito, urefu na mkono. Kwa mwenye miezi 6 hadi 59, utepe wa kupimia mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali na tiba yake ni chakula dawa. Ombeni apimwe VVU, kifua kikuu na selimundu. Uji uwe mzito, utiwe karanga au mafuta, dagaa waliosagwa, yai, parachichi. Mama naye: machozi ya siku ya tatu hadi ya kumi baada ya kujifungua huisha yenyewe. Yakipita wiki mbili, muulize mambo mawili, mkiwa wawili tu: je, amepoteza hamu ya vitu alivyovipenda? Je, amekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Atasema ana mawazo mengi, kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, ni hayohayo. Akijibu ndiyo, aende kliniki ya mama na mtoto aseme alivyosema kwako, au hospitali ya Mnazi Mmoja, au Amana, na wakihitaji watampeleka idara ya magonjwa ya akili Muhimbili. Matibabu huanza na mazungumzo. Zipo pia dawa, kama sertraline, ambazo mama humeza huku ananyonyesha, kwa hiyo asimwachishe mtoto ziwa bila kuuliza. Akipigwa nyumbani, aseme, na anayemsikiliza asimrudishe kwa mpigaji kwa usuluhishi wa haraka. Uzazi wa mpango uchaguliwe kabla ya kurudi kitandani, na kurudi kitandani ni pale alipopona na kutaka mwenyewe.

Hali moja haingoji asubuhi. Mzazi wa siku chache asiyelala kabisa, anayesikia sauti, anayeongea yasiyoeleweka au kusema mtoto si wake, ana kichaa cha uzazi. Humpata mama mmoja au wawili kati ya kila elfu, na hata kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu kinatambua kwamba uzazi unaweza kuivuruga akili ya mama. Kichaa hicho hakitokani na mume kuchepuka. Msimfunge, msimpeleke kuombewa kwanza, msimwache peke yake na mtoto hata dakika moja. Kodini bajaji usiku huohuo mumpeleke hospitali, na mtu mmoja ambebe mtoto aende naye, kwa sababu mama akianza kutulia atahitaji kunyonyesha.