Mkewe Alimsihi Asitoke
Mwezi huu nawaletea profesa, tena wa uchumi. Msikunje uso jamani! Mwaka 1944 Dhaka, leo Bangladesh, Wahindu na Waislamu walikuwa wakiuana. Amartya Sen, mtoto Mhindu, akamwona kibarua Mwislamu, Kader Mia, akiingia getini kwao akivuja damu, amechomwa kisu. Mkewe alimsihi asitoke, ila nyumbani hakukuwa na chakula. Alifia hospitalini.

Sen alikua akaichambua njaa, akapata Nobeli 1998. Aliandika kwamba penye demokrasia inayofanya kazi na magazeti huru, baa la njaa halijawahi kutokea. Sawa, profesa. Mie namuwaza yule mke: nje visu, ndani sufuria tupu, mume unamzuia kwa lipi?